ADHD kwa watu wazima: Mazoezi ya mwili yanasaidia kwa kiasi gani?

Anaanza kazi tano asubuhi na jioni hakuna hata moja iliyokwisha. Analipa faini ya kuchelewa kulipa bili ilhali fedha anazo. Anakatiza mazungumzo ya wenzake, anapoteza funguo, anabadilisha kazi kila baada ya miezi michache. Nyumbani anaambiwa hajali, kazini anaitwa mvivu. Kwa baadhi ya watu wa namna hii sababu si tabia mbaya wala malezi, bali ni ADHD, tatizo la upungufu wa umakini na kutotulia kupita kiasi.

Dawa pamoja na tiba ya mazungumzo ndizo njia zilizothibitishwa zaidi za kulidhibiti. Lakini katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kati dawa hizo ni adimu au ghali, na wataalamu wa afya ya akili wengi wako katika miji mikubwa. Ndiyo maana swali la mazoezi ya mwili lina uzito: yanaweza kufanya nini, na hayawezi kufanya nini?

ADHD ni nini hasa?

ADHD ni tatizo la ukuaji wa ubongo linaloanza utotoni. Dalili zake ziko katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni upungufu wa umakini: kusahau, kushindwa kupanga mambo, kuahirisha, kupoteza vitu, kuacha kazi katikati. Kundi la pili ni kutotulia na kutenda kwa pupa: kushindwa kukaa mahali pamoja, kuongea mno, kukata kauli ya mwingine, kununua au kuamua bila kufikiri. Mtu anaweza kuwa na kundi moja au yote mawili.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba tatizo hili huisha mtoto anapokua. Leo inajulikana kwamba kwa wengi linaendelea ukubwani, ingawa sura yake hubadilika. Mtoto aliyekuwa akipanda juu ya madawati huwa mtu mzima anayekaa kwenye kiti lakini ndani yake anahisi kama injini inayonguruma bila kuzimwa. Makadirio ya utafiti ni kwamba takriban watu wazima 2 hadi 3 kati ya kila 100 duniani wana ADHD.

Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, uliotolewa mwaka 2013, unataka mambo kadhaa yatimie kabla ya mtu mzima kuambiwa ana ADHD. Awe na dalili zisizopungua 5 kati ya 9 katika kundi moja, zidumu kwa angalau miezi 6, baadhi yake ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, na zivuruge maisha yake katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na kazini. Kusahau mara moja moja, au kushindwa kutulia wakati wa msiba au shida ya fedha, si ADHD.

Tatizo hili hurithiwa kwa kiwango kikubwa. Si ajabu mzazi akagundua kuwa naye analo siku mwanawe anapopimwa.

Mazoezi yanafanya nini kwenye ubongo?

Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotusaidia kupanga, kuanza jambo, kukumbuka hatua inayofuata na kujizuia. Ili ifanye kazi vizuri inahitaji kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za neva. Mbili kati ya hizo ni dopamini na noradrenalini. Kwa mtu mwenye ADHD, mifumo inayotegemea kemikali hizi haifanyi kazi sawasawa. Dawa kama methilifenideti husaidia kwa sababu huziacha kemikali hizo zibaki muda mrefu zaidi mahali zinapohitajika.

Mazoezi yanagusa mifumo hiyo hiyo. Mtu anapokimbia, kuogelea au kuendesha baiskeli, moyo hupiga kwa kasi, damu nyingi zaidi hufika kwenye ubongo, na kemikali hizo huongezeka kwa muda. Mazoezi ya mara kwa mara pia huchochea protini zinazosaidia seli za neva kukua na kuunganishwa. Sehemu kubwa ya maelezo haya imetokana na majaribio ya wanyama, kwa sababu si rahisi kupima kemikali ndani ya ubongo wa binadamu aliye hai. Kwa hiyo wanasayansi wanaeleza njia hii kwa tahadhari.

Yako pia manufaa yanayopita njia ya mzunguko. Watu wengi wenye ADHD hulala vibaya, huwa na wasiwasi au msongo wa mawazo, na baadhi hupata sonona. Mazoezi huboresha usingizi na hupunguza dalili za sonona, jambo lililothibitishwa vyema katika tafiti nyingi. Mtu aliyelala vizuri na ambaye moyo wake haujaelemewa ana nafasi kubwa zaidi ya kutulia mezani, awe na ADHD au asiwe nayo.

Utafiti unaonyesha nini?

Tafiti nyingi zimefanywa kwa watoto. Zilizofanywa kwa watu wazima ni chache, na nyingi zilihusisha watu wachache. Matokeo yake yanatia moyo, lakini hayafanani.

Nchini Ujerumani, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwaweka watu wazima wenye ADHD kwenye baiskeli ya mazoezi kwa dakika 30, kwa kasi ya wastani. Baadaye walifanya jaribio la kompyuta linalopima uwezo wa kupuuza vinavyovuruga umakini. Walijibu kwa haraka zaidi kuliko siku ambayo hawakufanya mazoezi.

Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2016 uliwahusisha vijana wa kiume wenye dalili za ADHD walioendesha baiskeli kwa dakika 20. Hisia zao zilibadilika: walikuwa na ari zaidi ya kufanya kazi ya kutumia akili, walihisi nguvu zaidi, na uchovu na mkanganyiko ulipungua. Hata hivyo, walipopimwa uwezo wa kukaza macho kwenye kazi ya kuchosha, hawakufanya vizuri zaidi, na kutotulia kwa miguu yao hakukupungua.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa maisha ya kila siku. Kwa mtu mwenye ADHD kizuizi kikubwa mara nyingi ni kuanza. Faili liko mezani, muda upo, ujuzi upo, lakini mkono haushiki kalamu. Ikiwa dakika 20 za mazoezi zinaongeza ari ya kuanza, hilo ni jambo la thamani, hata kama umakini wenyewe haukuongezeka.

Jambo jingine linalojitokeza ni kwamba matokeo ya zoezi moja hayadumu siku nzima. Ni dirisha linalofunguka kwa muda mfupi kisha likafungwa. Anayetaka kunufaika anatakiwa kulitumia mapema.

Je, mazoezi yanaweza kuchukua nafasi ya dawa?

Kwa ushahidi uliopo, hapana. Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya matibabu nchini Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 inawataka wahudumu wa afya wasisitize umuhimu wa lishe bora na mazoezi ya mara kwa mara kwa watu wenye ADHD, wakubwa kwa wadogo. Lakini mwongozo huo huo unaweka dawa kama tiba kwa watu wazima ambao maisha yao bado yanavurugika hata baada ya mazingira yao kurekebishwa. Mazoezi yanakaa kando ya tiba hiyo, hayaiondoi.

Mfano wa wazi ni wa mwanamichezo Simone Biles wa Marekani. Mwaka 2016, baada ya wadukuzi kuvujisha taarifa za matibabu za wanamichezo, yeye mwenyewe alieleza hadharani kuwa ana ADHD na kwamba ametumia dawa tangu utotoni. Mwaka huo alikuwa ameshinda medali 4 za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Rio. Kama mazoezi pekee yangetosha kuiondoa ADHD, basi mtu anayefanya mazoezi ya sarakasi kwa saa nyingi kila wiki tangu akiwa mtoto asingehitaji dawa.

Kuacha dawa bila ushauri kunaweza kuwa na gharama. Watafiti waliochunguza takwimu za kitaifa za Sweden walieleza mwaka 2014 kwamba watu wazima wenye ADHD wako katika hatari kubwa zaidi ya ajali mbaya za barabarani, na kwamba miongoni mwa wanaume hatari hiyo ilikuwa ndogo katika vipindi walivyotumia dawa. Kwa dereva wa lori au wa bodaboda, hilo si jambo la kupuuza. Anayetaka kupunguza au kuacha dawa kwa sababu amejenga mazoea ya kukimbia azungumze kwanza na daktari wake.

Kwa asiyepata dawa kabisa, hali ni tofauti. Kwake mazoezi si mbadala kamili, lakini ni moja ya vitu vichache vilivyo mikononi mwake, havina bei, na vinafaa kufanywa hata kama kesho dawa itapatikana.

Kiasi gani kinatosha?

Hakuna dozi maalumu ya mazoezi kwa ajili ya ADHD. Kinachotumika ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa mwaka 2020 kwa watu wazima wote: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki.

Zoezi la wastani ni lile ambalo unaweza kuongea ukilifanya lakini huwezi kuimba. Likiwa kali, unasema maneno machache kisha unavuta pumzi.

WHO inahesabu pia kutembea kwenda kazini, kazi za shamba na kazi za nyumbani. Anayetembea kwa haraka nusu saa kwenda kazini na nusu saa kurudi, siku 5 kwa wiki, tayari amefikisha dakika 300. Mwenye hali hiyo hahitaji kuanza upya. Anaweza kuangalia tu kama mwendo wake ni wa haraka vya kutosha, na kama anaweza kufanya kazi yake ngumu zaidi mara tu anapofika, kabla ya kufungua simu.

Zoezi lipi ni bora? Yaliyochunguzwa zaidi ni yale yanayopandisha mapigo ya moyo: kutembea haraka, kukimbia, baiskeli, kuogelea, kuruka kamba. Daktari wa magonjwa ya akili John Ratey wa Marekani, aliyeandika sana kuhusu mazoezi na ubongo, anapendekeza pia michezo inayolazimisha akili kufuata mwili, kama karate na sarakasi, kwa kuwa mtu hawezi kuifanya huku mawazo yake yakizurura. Mpira wa miguu, netiboli na ngoma zenye hatua za kukumbuka ziko katika kundi hilo. Hata hivyo, zoezi bora ni lile ambalo mtu atalirudia wiki ijayo.

Mpango wa wiki moja unaweza kuwa hivi:

- Jumatatu, Jumatano na Ijumaa: dakika 30 za kutembea haraka au kukimbia polepole asubuhi, kabla ya kazi.
- Jumanne na Alhamisi: dakika 15 za kuimarisha misuli nyumbani, kama pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, au kunyanyua ndoo ya maji.
- Jumamosi: saa moja ya mpira, kuogelea au kucheza ngoma pamoja na wengine.
- Jumapili: mapumziko.

Jumla ya Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi ni dakika 150, bila kuhesabu mazoezi ya misuli.

Kwa nini ni vigumu kudumu nayo?

Hapa ndipo penye kitendawili. Mazoezi yanahitaji kupanga, kukumbuka, kuanza na kurudia, na hayo ndiyo mambo ambayo ADHD inayafanya kuwa magumu. Mtu ananunua viatu kwa shauku, anakimbia kilomita 8 siku ya kwanza, anaumwa miguu siku ya pili, na wiki ya tatu viatu viko chini ya kitanda. Kisha anajilaumu, na lawama hiyo inakuwa mzigo mwingine.

Kumwambia mtu huyo ajitahidi zaidi hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kupunguza idadi ya maamuzi anayopaswa kuyafanya:

Anza na kidogo kuliko unavyotaka. Dakika 10 kila siku kwa wiki mbili ni msingi bora kuliko saa moja iliyofanywa mara mbili. Ari ya siku ya kwanza si kipimo cha kuaminika.

Funga zoezi kwenye jambo ambalo tayari lipo. Baada ya sala ya alfajiri, baada ya kumfikisha mtoto shuleni, au kushuka kwenye daladala au matatu vituo viwili kabla ya kufika. Kitu kilichofungwa kwenye mazoea ya zamani hakihitaji kukumbukwa peke yake.

Weka vifaa mahali pa kuonekana. Viatu mlangoni, nguo za mazoezi juu ya kiti, kamba ya kuruka kwenye kitasa. Kwa watu wengi wenye ADHD, kisichoonekana ni kama hakipo.

Tafuta mwenzako. Anayejua kuwa jirani anamsubiri kwenye kona saa 12 asubuhi huamka. Katika miji kama Dar es Salaam vikundi vya kukimbia pamoja mwishoni mwa wiki ni vingi, na mjini Kigali barabara kadhaa hufungwa kwa magari siku maalumu za Jumapili ili watu wakimbie na kutembea. Waliosoma Tanzania wanakumbuka mchakamchaka wa shuleni: wimbo, mwendo mmoja na kundi viliwabeba hata wale wasiopenda kukimbia.

Ruhusu mabadiliko. Mtu mwenye ADHD huchoka haraka na kinachojirudia. Kubadilisha njia, muziki au mchezo si kukosa msimamo, ni njia ya kuendelea.

Ukikosa siku moja, rudi siku inayofuata bila kulipa deni. Anayejaribu kufidia siku tatu kwa mkupuo huumia, kisha huacha kabisa.

Ndugu na wenzi wa ndoa nao wana sehemu yao. Kumshika mtoto kwa nusu saa ili mama yake atembee, au kutoka naye, kunasaidia zaidi kuliko kumkumbusha kila jioni kwamba hakwenda.

Mambo ya kuchukulia tahadhari

Dawa nyingi za ADHD ni za kundi la vichocheo, na huweza kuongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Mazoezi nayo huongeza mapigo ya moyo. Kwa wengi hili si tatizo, lakini anayetumia dawa hizo apimwe presha, na amweleze daktari kuwa anafanya mazoezi makali. Katika joto la pwani au mchana wa jua kali, anywe maji ya kutosha na apendelee asubuhi au jioni.

Maumivu ya kifua, kuzimia, kizunguzungu kikali au mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida wakati wa zoezi ni ishara ya kuacha mara moja na kwenda hospitali. Mwenye historia ya ugonjwa wa moyo, yeye au ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana, apimwe kabla ya kuanza mazoezi makali.

Wanariadha wa mashindano wanapaswa kujua kwamba vichocheo kama methilifenideti vimepigwa marufuku wakati wa mashindano na Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Michezoni, WADA. Mwanariadha anayezihitaji kwa matibabu lazima aombe kibali maalumu mapema kupitia mamlaka ya nchi yake. Kisingizio cha kutojua hakimwokoi na adhabu.

Usalama wa mahali ni sehemu ya mpango pia. Kukimbia gizani kando ya barabara yenye magari ya mwendo wa kasi ni hatari kwa yeyote, na zaidi kwa mtu ambaye umakini wake huyumba. Kwa mwanamke asiyejisikia salama nje alfajiri, kuruka kamba au kucheza muziki ndani ya nyumba kunatosha.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Anayejitambua katika dalili hizi asijipe jina la ugonjwa peke yake. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, upungufu wa usingizi, sonona, wasiwasi na matumizi ya pombe au dawa za kulevya vinaweza kuleta kusahau na kukosa umakini kunakofanana na ADHD. Hatua ya kwanza ni kumwona daktari katika kituo cha afya na kuomba rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali kama Mathari jijini Nairobi, Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe jijini Dodoma na Butabika jijini Kampala zina huduma za magonjwa ya akili.

Inasaidia kwenda na maelezo: ripoti za zamani za shule kama zipo, au mzazi, shangazi au kaka anayekumbuka utoto wako ulikuwaje, kwa kuwa daktari atataka kujua dalili zilianza lini. Andika pia mazoezi unayofanya, muda wa kulala na siku ambazo kazi ilikwenda vizuri. Orodha ya wiki tatu au nne itamwonyesha daktari mengi, na itakuonyesha wewe mwenyewe kama zile dakika 30 za asubuhi zinakusaidia au la.

Anayefikiria kujidhuru asisubiri miadi. Amweleze mtu wa karibu siku hiyo hiyo na afike hospitali iliyo jirani.